Dawa ya Kahawia

Nimechoka. Nianze na hilo, maana wenzangu wa rika langu mtanielewa bila maelezo mengi. Ukishamzika mzazi, ukapikia waombolezaji, ukaanua matanga, ukagawa kanga na masufuria huku kila ndugu akikueleza marehemu alitaka nini apewe nani, kinachobaki kwa siku za mwanzo si huzuni. Ni magoti na mgongo. Huzuni yenyewe inakaa pembeni inasubiri upumzike kwanza ndipo ianze kazi yake.

Katika uchovu huo nilikuwa nasafisha chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Majengo. Zamani kilikuwa chumba cha giza cha mama. Mama alikuwa mpiga picha, na humo ndimo alimosafishia mikanda yake, enzi zile ambapo mtu akitaka picha alioga, akachana nywele, akapigwa, kisha akaenda nyumbani kusubiri. Siku hizi studio ya mbele imepangishwa kwa fundi simu, na chumba cha giza kimejaa magunia ya mahindi. Lakini mbao za kuta zake bado zinanuka. Ni harufu kali kali, ya siki na chuma kilicholowa, na mtu aliyekulia humo hawezi kuisahau hata akitaka.

Nyuma ya magunia nilikuta rafu yake ikiwa vilevile alivyoiacha. Kulikuwa na pakiti moja ya dawa ya dukani, haijafunguliwa. Pembeni yake kulikuwa na chupa mbili na kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimeshikana kwa kutu, na ndani yake, nilikumbuka, unga mweupe wenye kijivu kidogo. Chini ya rafu kulikuwa na kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi. Nilipozungusha kitufe kidogo nikakisikia kinakaza. Mama alikuwa ameacha mkanda ndani.

Mkanda mmoja, dawa mbili. Mkanda ukishasafishwa haurudi nyuma, kwa hiyo ilikuwa lazima nichague. Badala ya kuchagua, nilikaa juu ya gunia la mahindi.

Tofauti ya dawa zile mbili niliijua kabla sijajua kusoma saa. Ya pakiti ilikuwa nyepesi, unaimimina kwenye maji, unakoroga, unasafisha mkanda, unanawa mikono na maisha yanaendelea. Ya kopo mama aliichanganya mwenyewe, maji ya chupa aliyoyeyushia unga ule na maji ya chupa ya pili, dakika chache kabla ya kazi, na alifundishwa na bruda mmoja mzee wa misheni aliyemwachia kopo lile aliporudi kwao. Sisi nyumbani tuliiita dawa ya kahawia. Ilitia mkanda wenyewe rangi, ukawa wa njano iliyofifia badala ya kijivu, na mama alikuwa akiupitisha ndani ya bakuli gizani kwa mikono mitupu, juu chini, juu chini, mpaka ukomae. Kwa hiyo ilimtia rangi na yeye. Ncha za vidole na kucha zilikuwa za kahawia mwaka mzima. Alizisugua kwa limau na jivu kabla ya kushika chakula, maana alisema dawa ile ni sumu na haina mchezo, lakini rangi haikutoka. Majirani walimtania kwamba anatoka kuchambua tumbaku Lusewa.

Nilimwuliza siku moja kwa nini asitumie ya pakiti tu. Alinionyesha picha ya bibi harusi aliyesimama juani saa sita mchana. Kila kunjo la shela lilionekana, na uso ulionekana pia, weusi wake wote na jasho kidogo juu ya mdomo. Akaniambia kwamba mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe kwenye jua la Songea ni mtihani kwa mpiga picha yeyote. Ukiifuata nguo, uso unazama. Ukiufuata uso, nguo inabaki weupe mtupu. Dawa ya kahawia inaishika nguo isikimbie, ukapata nafasi ya kuutoa na uso wa mtu. Mjini kwetu harusi na komunyo ya kwanza zote ni nguo nyeupe, na zote hutoka kanisani jua likiwa utosini. Ndiyo maana watu walimfuata yeye.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliokuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Mwalimu wetu wa mafundisho alikuwa mwanamume mwembamba aliyependa usafi kuliko watu. Kila mazoezi alitupanga mstari uani mwa kanisa, tunanyoosha mikono, wa kushoto juu ya wa kulia, naye anapita akikagua kucha. Tulikuwa tunafanya mazoezi na vipande vya biskuti. Mwenye uchafu alipelekwa bombani na kuambiwa kwamba mikono ya namna hiyo haimpokei Bwana. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na mimi nilimwamini kabisa.

Kilichofuata kichwani mwangu kilikuwa hesabu rahisi. Mama hakuwa akikomunika. Jumapili zote tulikaa benchi moja, na ulipofika wakati wa kupanga mstari wenzake walisimama, yeye akavuta magoti pembeni ili wapite, akabaki ameinamisha kichwa. Nilikuwa nimeona hivyo tangu nijue kuona, wala sikuwahi kujiuliza. Sasa nikawa na jibu kabla ya swali. Ni mikono. Mama ana kucha za kahawia, na padri hawezi kuweka Hostia juu ya kucha za kahawia.

Nilisikia ahueni, niwaambie ukweli. Tatizo la kucha lina dawa.

Na nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Desturi ya parokia yetu ilikuwa kwamba siku ya komunyo ya kwanza mzazi anasimama nyuma ya mtoto wake, mkono begani, mtoto akishapokea na yeye anapokea, kisha wanarudi pamoja. Nilitaka mkono wa mama begani mwangu. Nilikitaka kitu hicho kuliko hata lile gauni, na gauni nalo nililitaka mno.

Tulikuwa karibu kuingia Kwaresima. Mama alikuwa jikoni anapika dagaa wa Nyasa, moshi umejaa, mvua inapiga bati. Nikamwuliza kama mtu akiiacha dawa ya kahawia mikono itatakata. Akasema itatakata, ila taratibu, mpaka kucha zikue.

"Basi iache mpaka komunyo yangu," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Ili upokee na mimi."

Aligeuka akaniangalia, mwiko mkononi. Nakumbuka dagaa wakaanza kushika chini ya sufuria na harufu yake ikapanda, na yeye hakukoroga. Baadaye akageukia moto.

"Haya," akasema. "Kwaresima hii nitaiacha."

Sasa hivi, kwa umri nilionao, naelewa kwa nini hakunisahihisha. Mtu aliyechoka huchagua mzigo ulio mwepesi, na kuacha kopo la unga kulikuwa kwepesi kuliko kunieleza. Tena Kwaresima hakuna harusi. Kazi ilikuwa picha ndogo za vitambulisho, na hizo dawa ya pakiti inazimudu bila shida.

Zile wiki ndizo nilizompenda mama kwa furaha kupita zote za utoto wangu. Kila Jumamosi mchana, baada ya kunisuka, alikaa kwenye kigoda na kuninyooshea mikono yote miwili, wa kushoto juu ya wa kulia, kama nilivyomfundisha. Nami nilimkagua nikiwa nimeweka mikono nyuma.

"Vipi, mwalimu," alikuwa akiniuliza, "nimepita?"

"Bado kidogo."

Alicheka na kuirudisha mapajani. Mstari wa kahawia ulikuwa unasogea kuelekea ncha ya ukucha, na nyuma yake ukucha mpya ulikuwa unakuja, wa waridi, safi. Nilikuwa naona kwa macho yangu mama anakaribia.

Baba alikuwa akija Jumamosi hizohizo. Alishuka na baiskeli, amefunga kiroba cha unga nyuma, nami nilimpokea kwa shikamoo na kumletea maji ya kunawa. Alilala kwetu, na asubuhi ya Jumapili, kengele ya kwanza haijagonga, alikuwa ameshaondoka kurudi Mpitimbi. Mimi nilijua ana shamba kule. Niliona kwamba shamba lake linahitaji uangalizi mkubwa sana siku za Jumapili.

Pasaka ikapita, komunyo ikafika. Asubuhi ile nilikagua mara ya mwisho, nikamwambia mama amepita. Mikono yake ilikuwa kama ya mama wa mtu mwingine yeyote. Alinibusu kwenye paji la uso, akachukua kamera.

Kanisani nilipanga mstari na wenzangu, kila mmoja na mzazi wake nyuma. Mkono uliokuja begani mwangu ulikuwa mzito na wenye bangili. Ulikuwa wa mama yangu wa ubatizo. Niligeuka nikamwona mama amesimama kwenye nguzo ya pembeni, kamera machoni, anapiga. Nikajiambia yuko kazini. Watu wote wamemwajiri leo, angewezaje kuacha kamera na kupanga mstari? Nilipokea nikiwa naangalia nguzo. Baada ya misa alitupanga kwenye ngazi za kanisa, jua limewaka, sote weupe mpaka macho yanauma, akapiga mmoja mmoja na akapiga wote.

Jumatatu aliingia chumba cha giza na mikanda ya siku ile. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa ameshalishusha kopo kutoka kwenye rafu, na kwa kawaida pasingekuwa na lolote la kujadili, maana kazi ya nguo nyeupe na jua la mchana ndiyo iliyofanya kopo lile litunzwe. Nikamwambia asilitumie. Nikamkumbusha kwamba Jumapili inayofuata hatakuwa na kamera, ataweza kupokea na mimi.

Alisimama pale mkono juu ya kifuniko. Alijua picha zitakavyotoka. Alijua za watoto wa watu wote zitatoka hivyo, na jina lake ndilo lililokuwa likituvika na kutulisha. Alijua pia kwamba Jumapili ijayo hatasimama. Yote hayo aliyajua, halafu akalirudisha kopo juu ya rafu, akafungua pakiti.

Picha zilipokauka sikuhitaji kuwa fundi kuona. Yangu ninayo mpaka leo. Ni gauni jeupe lisilo na kunjo wala mshono, kama limekatwa kwa mkasi kwenye karatasi, na juu yake kiza chenye macho mawili. Nyingine zote zilikuwa hivyohivyo. Mama mmoja wa Majengo, ambaye binti yake alishonewa gauni la lesi iliyotoka mbali, alirudi na picha mkononi. Hakufoka. Aliiweka juu ya meza ya studio akaisukuma polepole mbele ya mama.

"Mwanangu yuko wapi hapa?" akauliza.

Mama akamwambia jua lilikuwa kali sana. Akaomba wamletee watoto tena, wakiwa wamevaa, awapige upya studio. Wengine walikuja, wengine hawakuja, na wapo ambao harusi zao zilizofuata walikwenda kwa mpiga picha mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya pazia nasikia yote. Sikujali. Nilikuwa naangalia mikono yake, bado safi.

Jumapili ile tulikaa benchi letu. Hakuwa na kamera. Ulipofika wakati nilisimama, nikamsubiri. Wenzetu wa benchi walianza kutoka, na mama akavuta magoti pembeni ili wapite, kama siku zote. Na mimi nikapita. Nilikwenda peke yangu nikapokea, nikarudi, nikapiga magoti karibu naye. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, vidole vimefumbatana, na kucha zake zilikuwa safi kabisa. Ndipo nilipoogopa. Kama si mikono, basi ilikuwa kitu nisichoweza kukikagua.

Njiani kurudi nyumbani tulifika kwenye kona ya mashine ya kusaga.

"Si mikono, mwanangu," mama akasema.

"Ni nini?"

"Ukikua nitakuambia."

Hakuwa na hasira, wala hakulia. Alikuwa amechoka tu, uchovu ambao leo nautambua ninapojiangalia kwenye kioo. Alisema hayo na kuendelea kutembea, na mimi nikaendelea kutembea, na kitu fulani ambacho kilikuwa chepesi tangu Kwaresima kikawa kizito na hakijawahi kuwa chepesi tena.

Kesho yake niliingia chumba cha giza nikiwa natoka shule. Nilipanda juu ya ndoo, nikalishusha kopo kutoka kwenye rafu, nikaenda nalo mpaka studio alikokuwa anafuta lenzi. Nikaliweka mezani mbele yake. Alilitazama kopo, akanitazama mimi, akanivuta akaniegemeza kifuani kwa muda mrefu. Jumamosi ile kulikuwa na harusi, na Jumapili kucha zake zilikuwa za kahawia tena.

Nilipokuwa mkubwa aliniambia, kama alivyoahidi, siku moja tunamenya viazi. Baba alikuwa na mke wa ndoa Mpitimbi, ndoa ya kanisani, na watoto, na Jumapili alikuwa akiwahi misa pamoja nao. Mke yule ndiye aliyekuwa akipanga mstari; mama, kwa kuishi na mume wa mtu, hakuruhusiwa kupokea. Nilikuwa nimeshajua kwa kuokoteza maneno ya watu, lakini nilimwacha aseme. Nilimwuliza kwa nini yeye hakumwacha baba. Akasema alijaribu, akaendelea kumenya. Kuna majibu ambayo ukiwa na miaka ishirini unayadharau, na ukiwa na miaka yangu unayafunga vizuri na kuyaweka mahali pakavu.

Baba alitangulia kufa. Hata hivyo mama aliendelea kuvuta magoti pembeni Jumapili hadi Jumapili, kwa mazoea au kwa kiburi, sijui. Mwishowe ugonjwa ukamlaza. Mwaka huu, baridi ya Songea ikiwa imeshaingia mpaka ndani ya blanketi, aliniambia nimwite padri. Wakafunga mlango, wakakaa sana. Padri alipotoka aliniambia kesho yake atamletea komunyo kitandani.

Asubuhi ile nilimwogesha, nikamvika, nikamweka mto mgongoni. Tulisikia mlango wa uani ukifunguka. Mama akatoa mikono chini ya blanketi, mikavu, imebaki mifupa, kopo alikuwa ameshaliacha zamani, akaninyooshea, wa kushoto juu ya wa kulia.

"Vipi, mwalimu," akasema, "nimepita?"

Miaka yote ile hatukuwahi kuzungumza juu ya Kwaresima ile, hata mara moja. Nilidhani ameisahau. Nilishika zile kucha nikaziangalia moja moja.

"Umepita, mama."

Akapokea. Ndiyo picha ambayo hakuna aliyeipiga.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi. Nikasimama. Pakiti nikaiacha ilipo. Kopo nililifungua kwa kisu, nikauyeyusha unga kwenye chupa, nikachanganya maji ya chupa hii na ya chupa ile kama alivyonifundisha nilipokuwa msichana, nikaziba ufa wa mlango kwa blanketi, nikaupitisha mkanda kwa mikono mitupu. Najua ni sumu. Glavu zilikuwepo dukani, sikuzitaka.

Mkanda ulikuwa umezeeka na picha nyingi zilikuwa ukungu. Zilizotoka ni chache. Nguo za kufua kwenye kamba. Mlango wa kanisa unavyoonekana ukitokea kwetu. Ya mwisho ni mimi, nimesimama uani saa sita mchana na blauzi yangu nyeupe ya kazini, nimekunja uso kwa jua, nataka amalize niende. Mishono ya blauzi inaonekana yote. Na uso wangu upo, wote, mpaka uchovu wake.

Rangi ya vidoleni haikutoka. Nimesugua kwa limau, nimesugua kwa jivu. Jumapili nilikwenda misa nikakaa kwenye benchi letu, na ulipofika wakati nikasimama, nikapanga mstari na wenzangu. Nilinyoosha mikono, wa kushoto juu ya wa kulia, kucha zote za kahawia. Padri aliweka Hostia kiganjani mwangu akamwangalia aliye nyuma yangu. Kucha hakuziangalia kabisa.